Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuishi na Ladha Tofauti katika Hadithi za Mashabiki

Sisi ni kundi dogo la watu wanaosoma na kuandika hadithi za mashabiki kwa Kiswahili. Tunakutana Mbeya, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, katika chumba kilicho nyuma ya duka la vifaa vya shule karibu na Mwanjelwa, na wenzetu wa Tukuyu, Njombe na Iringa hushiriki zaidi kwa WhatsApp kwa sababu nauli si mchezo. Maswali yaliyo hapa ndiyo ambayo karibu kila mgeni huyauliza katika wiki zake za kwanza, na mengi yanazunguka jambo moja: mtu afanyeje anapojikuta chumba kimoja na watu wanaopenda kitu ambacho yeye hawezi kukivumilia. Nimeyajibu mimi, admini wa kundi, kwa hiyo pale hukumu ilipopinda lawama ni yangu.

Hadithi za mashabiki ni nini hasa, na kwa nini zinagombanisha watu kuliko hadithi nyingine?

Ni hadithi ambazo mtu huziandika akitumia wahusika, mahali au matukio ya kazi ya mtu mwingine anayoipenda tayari, iwe riwaya, katuni, filamu au tamthilia ya runinga. Kazi ile ya kwanza tunaiita hadithi mama. Anayemchukua mpelelezi wa riwaya za zamani akamleta Uyole kuchunguza wizi wa viazi anaandika hadithi ya mashabiki, na anayeiendeleza tamthilia ya Kikorea kutoka pale ilipokomea, kwa kuwa hakuridhika na nani alimwoa nani, naye ni vivyo hivyo. Kwa kawaida haziuzwi, na mwandishi hutangaza mwanzoni kwamba wahusika si wake.

Ugomvi unatokana na jambo ambalo wageni hulidharau. Anayefungua riwaya mpya humkuta mhusika akiwa mgeni kwake, akamwacha mwandishi amtambulishe taratibu. Katika hadithi za mashabiki msomaji anakuja akiwa ameshaishi na mhusika huyo miaka kadhaa, ameshamlilia, na anajua atasema nini kabla hajafungua mdomo. Mwandishi naye amekuja na wake. Majina ni yale yale lakini watu si wale wale, na ndiyo maana msomaji aliyeudhika haoni kwamba amesoma hadithi asiyoipenda, bali anaona kwamba ndugu yake amesingiziwa.

Kwa waliokulia kwenye ngano za kando ya moto hali hii si ngeni sana. Sungura wa bibi mmoja alikuwa mjanja mwenye huruma, wa bibi mwingine alikuwa tapeli asiye na haya, na Abunuwasi ametoka Baghdad akapita pwani mpaka akafika huku juu, akibadilika kila aliposimuliwa. Tofauti ni kwamba bibi zetu hawakuwekwa katika kundi moja la WhatsApp.

Je, magomvi haya si mambo ya vijana na simu zao tu?

Hapana. Mwaka 1893 mwandishi Arthur Conan Doyle alimwua mhusika wake, mpelelezi Sherlock Holmes, kwa kuwa alikuwa amemchoka, akaandamwa kwa barua za hasira, na mwaka 1903 akamrudisha akiwa hai. Ulio karibu nasi zaidi ni mfano wa ushairi. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, ikiwa na mashairi yasiyofuata vina na mizani, yalipamba moto mabishano kati ya walioshikilia kwamba utungo wa namna hiyo si shairi na waliotaka ushairi uachwe huru. Mabishano hayo hayakumpata mshindi. Leo mwanafunzi wa sekondari anakutana na tungo za aina zote mbili, na mtu anaweza kuichukia mojawapo mpaka kaburini bila kumzuia jirani yake kuiandika. Ninautaja mfano huu mara kwa mara kwa sababu unaonyesha amani tunayoitafuta ina sura gani: hakuna aliyelazimika kubadili ladha yake.

Kwa nini mnasisitiza sana lebo?

Kwa sababu tulishaumia kwa kukosa lebo. Dada mmoja wa Tukuyu alikuwa akiandika kwenye kaunta buku mwendelezo wa tamthilia ya Kikorea yenye wanaume wawili na mwanamke mmoja, akipiga picha kila ukurasa na kututumia. Wote watatu alikuwa amewahamishia nyanda za juu: mwanamke alikuwa nesi, tajiri alikuwa na malori ya mbao Mafinga, na yule mwanamume wa pili, ambaye katika hadithi mama aliondoka mikono mitupu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Rungwe. Sura kumi tulizisoma kwa furaha. Katika sura ya kumi na moja, ili njia ya mwalimu iwe nyeupe, basi alilopanda tajiri kwenda Dar es Salaam likaanguka Mlima Kitonga, na ajali hiyo ikaelezwa kwa kurasa tatu, mpaka kiatu kimoja kilichobaki barabarani.

Saa nane za usiku mwenzetu wa Iringa alituma ujumbe wa sauti wa kwanza, na kulipokucha zilikuwa zimefika tisa. Alisema mwandishi hana utu, hajui kuandika, na kwamba tajiri yule ndiye mwanamume pekee mwenye akili katika hadithi nzima. Mwandishi akajibu kwamba asiyependa asisome. Wapenzi wa mwalimu wakajipanga upande mmoja, wapenzi wa tajiri upande wa pili, na mimi, nikidhani ninazima moto, nikaifuta sura ya kumi na moja. Hapo ndipo nilipokosea. Mwandishi aliona nimemhukumu bila kumsikiliza, na mwenzetu wa Iringa, kama alivyoniambia baadaye, hakuwa ameomba kitu chochote kifutwe; alitaka tu angejulishwa kabla hajaanza kusoma.

Mkutano uliofuata ulikuwa wa Julai, baridi ya Mbeya imetulazimisha kufunga dirisha, na wote wawili walikuja. Mwandishi aliiweka kaunta buku mezani, akamsogezea mwenzake kikombe cha chai ya tangawizi, akamwuliza, "Dada, ningeandika nini pale juu ili wewe usifungue?" Yule akaizungusha kidogo ile chai, akasema, "Andika ajali ya barabarani. Yanatosha hayo." Mwandishi akafunua mpaka sura ya kumi na moja, akaomba kalamu, na kuyaandika maneno hayo matatu kwa wino mwekundu juu ya mstari wa kwanza.

Kwa nini dada yule hawezi kusoma habari za ajali, hajatueleza mpaka leo na hatujamwuliza. Hilo ndilo ninalolipenda katika lebo, kwamba haimdai mtu sababu. Anayekwepa kwa kuwa ana jeraha na anayekwepa kwa kuwa hataki tu tajiri wa mbao afe wanasoma maneno yale yale na kupita zao.

Lebo iseme nini, na je, haiharibu utamu wa hadithi?

Utaratibu tuliazima kutoka Archive of Our Own, hifadhi kubwa ya hadithi za mashabiki iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2009 na kuendeshwa na shirika lisilo la faida liitwalo Organization for Transformative Works. Hifadhi hiyo haijipi kazi ya kuamua hadithi ipi ni nzuri. Badala yake inamtaka mwandishi aeleze mambo machache kabla ya kuchapisha: hadithi inafaa rika gani, na iwapo ndani yake kuna ukatili ulioelezwa waziwazi, kifo cha mhusika mkuu, ubakaji, au ngono inayohusisha walio chini ya umri. Mwandishi asiyetaka kufichua anaruhusiwa kutangaza kwamba amechagua kutoonya, jambo ambalo lenyewe tayari ni onyo. Msomaji naye anaweza kuagiza kwamba hadithi zenye lebo fulani zisimtokee kabisa anapotafuta. Hata uhusiano wa wahusika una alama zake, kwani mkwaju (/) kati ya majina mawili huashiria mapenzi, ilhali alama ya & huashiria urafiki au udugu.

Lebo yetu ni fupi zaidi: jina la hadithi mama, rika, tahadhari, na wanaoozeshwa. Kuozesha ni neno letu la kundini, lililoanza kama utani, kwa kitendo cha mwandishi kuwaunganisha kimapenzi wahusika aliowachagua yeye.

Kuhusu utamu, wanaolalamika wana hoja, kwa kuwa kifo kilichotangazwa mlangoni hakishtui kama kile kinachokuja ghafla. Wao ndio tunaowaruhusu kuandika "nimechagua kutoonya", na wasomaji wanaopenda kushtuliwa huzikimbilia hadithi hizo. Waandishi wa Kiingereza wana lebo nyingine inayonichekesha kila ninapoikuta, "njiwa mfu, usile", iliyotoka katika kichekesho kimoja cha runinga cha Marekani ambamo mtu anakuta mfuko kwenye friji umeandikwa maneno hayo, anaufungua, anamkuta njiwa mfu, na kubaki akijishangaa alikuwa ametarajia nini. Anayeiweka lebo hiyo anamwambia msomaji kwamba kilichoandikwa juu ndicho kilichomo ndani, na malalamiko hayatapokelewa.

Nimeanza kusoma na nimechukizwa. Nifanye nini?

Funga. Hakuna atakayekutungia mtihani.

Ina maana siruhusiwi kusema kwamba siipendi hadithi ya mtu?

Unaruhusiwa, na kundi lenye kusifiana tu lingenichosha mimi wa kwanza. Linaloharibu mambo ni kuruka kutoka kauli moja kwenda nyingine bila kuona kwamba umeruka. Ukisema "sipendi hadithi ambamo mpelelezi analia", umetoa habari kuhusu wewe mwenyewe, na kipendacho roho hula nyama mbichi, hakuna wa kubishana nawe. Ukisema "sura ya tatu ina mvua ya masika na ya nne ina vumbi, na zote ni usiku mmoja", umetoa habari kuhusu hadithi, na mwandishi anaweza kwenda kuirekebisha. Lakini ukisema "anayeandika mambo kama haya ana kasoro", umetoka nje ya hadithi na kumshika mtu shati, na mara nyingi ni mtu usiyemjua, aliyeandika bure saa nne za usiku baada ya kufunga genge. Magomvi mengi niliyoyaona yalianza na kauli ya kwanza na kuishia ya tatu ndani ya jumbe nne au tano.

Kwa hiyo desturi yetu ni hii. Makosa ya hadithi huelezwa pale tu mwandishi alipoandika kwamba maoni yanakaribishwa, na yanayohusu ladha huenda kwa rafiki yako, pembeni, ambako unaweza kulalamika mpaka betri iishe. Chini ya hadithi ya mwenyewe hayawekwi. Wapo wanaoona huu ni unafiki. Mimi sioni hivyo, kwani hata ukialikwa ugali na mboga usiyoila, hukai pale pale kwenye mkeka ukaanza kuisimanga.

Njia nzuri kuliko zote kwa maoni yangu ni ya kale: hadithi ijibiwe kwa hadithi. Washairi wa Kiswahili walikuwa wakijibizana kwa beti tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa na wapinzani wake wa Lamu katika karne ya 19, na baadhi ya beti kali kabisa tulizorithi zilizaliwa katika kutokubaliana huko. Mwenzetu wa Iringa alifanya vivyo hivyo. Aliandika sura ya kumi na moja ya kwake, ambamo tajiri anashuka Ilula kununua nyanya, anabishana bei na mama mmoja kwa muda mrefu kupita kiasi, na basi linamwacha. Sura hizo mbili zipo kundini mpaka leo, moja baada ya nyingine, na msomaji huchagua njia ya kupita. Nikiulizwa ipi ni bora, hujibu kwamba ile ya Ilula ina mazungumzo mazuri zaidi na ile ya Kitonga imeandikwa kwa mkono uliokomaa zaidi, na mpaka sasa jibu hilo limewaudhi wote wawili kwa kiasi sawa.

Vipi kuhusu lugha? Wengine wanataka Kiswahili sanifu, wengine cha mtaani.

Hii nayo ni ladha, ingawa walimu miongoni mwetu huivisha joho la kanuni. Tulikuwa na hadithi ambayo mpelelezi anaingia kilabuni Tukuyu na kuamkia "Ugonile", kisha anafika Njombe na kuamkia "Kamwene", na msomaji mmoja akadai kwamba mhusika aliyezaliwa katika riwaya ya Dar es Salaam hawezi kuzungumza hivyo. Mwingine akasema ndipo alipomwamini kwa mara ya kwanza. Tunaandika kwenye lebo "mseto" kwa hadithi zenye Kinyakyusa, Kihehe au lugha ya vijiweni, na yanaishia hapo. Makosa ya tahajia ni jambo jingine. Hayo hayana utetezi wa ladha, na kila mwandishi anashauriwa awe na msomaji wa kwanza wa kumpitishia rasimu.

Mnaruhusu hadithi kuhusu watu waliowahi kuishi, kama Mtwa Mkwawa?

Swali hili ndilo lililotupa taabu kuliko yote. Kijana wa Kyela alileta hadithi nzuri ambamo Mkwawa, mtawala wa Wahehe, baada ya ngome yake ya Kalenga kuanguka mwaka 1894, anawaponyoka Wajerumani moja kwa moja na kuzeekea Usangu akichunga ng'ombe bila mtu kumjua. Historia inasema vingine: aliyewashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891 aliendelea kupigana msituni mpaka mwaka 1898, akajiua ili asikamatwe, na fuvu lake lililochukuliwa lilirudishwa mwaka 1954 na kuhifadhiwa Kalenga. Wengi walifurahia hadithi hiyo. Mzee mmoja mwenye asili ya upande huo aliisoma yote kwa utulivu, akaikunja karatasi mara mbili, akasema, "Mwanangu, umeandika vizuri, lakini huyu kwetu ni babu, si mhusika. Umemnyang'anya kifo alichokichagua mwenyewe."

Hapo sikuweza kujibu kwamba ni ladha tu, kwa maana mpelelezi wa riwaya hana wajukuu. Kijana alikuwa na nia ya kumheshimu, mzee alisikia kudharauliwa, na nia njema haikufuta alichokisikia mzee. Tuliamua kwamba hadithi kuhusu marehemu wa historia ziwe na aya moja mwanzoni inayoeleza yaliyotokea kweli, na kwamba zisisomwe kwa sauti mkutanoni bila kuulizana kwanza. Kijana aliongeza aya hiyo. Mzee hakuwahi kusema kwamba ameridhika, na sidhani kwamba anadaiwa kusema hivyo.

Watu walio hai hatuwaozeshi kabisa, wawe wasanii, wachezaji au wanasiasa.

Je, kila kitu ni ladha? Hakuna mpaka?

Mpaka upo, na si lebo inayouvuka. Baadhi yetu ni wanafunzi wa sekondari, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtu kuwa mtoto mpaka atimize miaka 18. Hadithi za ngono hatuzipokei, na zinazomhusisha mtoto kingono mletaji wake anaondolewa bila mjadala. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inakataza kuchapisha ponografia kwa kompyuta au simu, na vilevile inakataza kumtumia mtu jumbe kwa nia ya kumtisha au kumsumbua, kifungu ambacho wapiganaji wa usiku wa manane hukisahau.

Wizi pia si ladha. Kuchukua sura ya mwenzako, kubadili majina na kuituma kwingine kama yako ni wizi, hata kama mwenzako naye aliazima wahusika.

Kuhusu hakimiliki, tuko salama?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwandishi haki ya kuruhusu au kuzuia kazi yake kugeuzwa, kwa hiyo tunaandika kwa unyenyekevu: hatuuzi, tunamtaja mwenye hadithi mama, na mwandishi akisema hataki, tunaacha. Anayetaka kuuza amwone mwanasheria, si admini.

Sipendi kabisa hadithi za mapenzi. Nitapata cha kusoma?

Utapata, ingawa utapitia nyingi za mapenzi kabla hujafika. Tafuta alama ya &.

Nikiondoka kundini, nitakuwa nimeshindwa kuishi na wenzangu?

Hapana, na ningependa watu waondoke mapema wakiwa bado wanasalimiana. Si kila ladha inaweza kukaa chumba kimoja, hata lebo zikiandikwa kwa uaminifu wote. Mwenzetu wa Iringa aliondoka mwaka uliofuata, akakusanya watu wanne karibu na Miyomboni ambao hawataki mhusika yeyote afe katika hadithi yoyote, jambo ambalo mimi nisingeliweza hata kwa wiki moja. Alituaga kwa ujumbe mfupi, na hakuna aliyemsema vibaya.

Bado tunabadilishana hadithi. Yeye hupenda karatasi, kwa hiyo zake huja kwa basi, ndani ya bahasha ya kaki, nami huzifuata stendi. Ya mwezi uliopita ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu upande wa mbele: "Tajiri anaoa. Mwalimu hayumo. Dada wa Tukuyu, usifungue." Tuliizungusha mezani kama kawaida. Ilipomfikia, dada wa Tukuyu aliisoma lebo, akacheka mpaka akaweka kikombe chini, kisha akampitishia aliyekaa kushoto kwake.